Hendibreki haikamati: anza kwenye dramu, kebo baadaye

Lori la ndizi likisimama kwenye kilima cha Kibosho, utingo huwa ameshashuka kabla matairi hayajatulia. Mkononi ana kigogo. Anakisukuma nyuma ya tairi kwa mguu, anapiga bodi mara mbili kwa kiganja, ndipo dereva anaachia pedeli ya breki. Nimeyaona hayo tangu utotoni na sina ugomvi na kigogo. Mimi mwenyewe ninacho kwenye buti. Kinachonisumbua ni gari dogo la familia kufikishwa hapo: mama ana watoto wawili ndani, amekanyaga breki kwa mguu wake wote, na anamwomba mpita njia amtafutie jiwe.

Mimi ni fundi hapa Moshi, na mara kwa mara huitwa Arusha. Huku kwetu hendibreki ina kazi kuliko Dar es Salaam. Moshi mjini iko kwenye mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, na lango la Marangu limepita mita 1,800. Katikati hapo ni kupanda tu, na nyumba nyingi za Uru, Kibosho, Machame na Marangu hazina sehemu tambarare ya kuegesha hata gari moja. Arusha nayo, ukishatoka mjini kuelekea Ilboru au Sekei, ni mteremko unaotoka Mlima Meru.

Malalamiko ninayoletewa hayabadiliki sana, kwa hiyo nimeyapanga kwa maneno ya wateja wenyewe. Ila kuna jambo moja naomba ulibebe tangu mwanzo. Kebo haizuii gari. Kinachozuia gari ni shuu, yale mapinde mawili ya chuma yanayotanuka na kubana dramu (kile kikombe cha chuma kinachozunguka na tairi) kwa ndani, au pedi zinazobana diski. Kukaza nati ya kebo pale kwenye mkono wa hendibreki ni kazi ya dakika tano, mkono unakuwa mfupi papo hapo, mteja analipa na kuondoka ameridhika. Lakini kama shuu ndizo zilizoisha au zilizo mbali na dramu, umeficha ugonjwa. Tena umeuongeza: kebo iliyokazwa kupita kiasi huzivuta shuu zisirudi mahali pake, na ile ajasta inayozisogeza shuu yenyewe kadiri zinavyolika inashindwa kufanya kazi.

Nalisema hili kwa uchungu. Wakati baba yangu alikuwa bado anaendesha, nilimkazia kebo ya Corolla yake mara mbili ndani ya mwaka mmoja bila kufungua dramu. Siku ya msiba Uru gari lilirudi nyuma lenyewe, likavuka njia ya miguu, likasimama kwenye migomba. Dakika chache kabla, watoto walikuwa wameketi pale wakimenya miwa. Maganda yalikuwa bado yako chini, chini ya bampa.

Kabla hujagusa spana

Jua kwanza gari lako lina hendibreki ya namna gani. Corolla za zamani, Probox, Hiace na IST nyingi zina dramu nyuma, na shuu zile zile zinatumika kwa breki ya mguu na ya mkono. Prado, Land Cruiser 100 na Forester nyingi zina diski nyuma, lakini ndani ya kitovu cha diski kuna dramu ndogo yenye shuu zake kwa ajili ya hendibreki tu. Magari mengine, hasa ya Ulaya, hutumia kalipa yenyewe, yaani kile kibano kinachokandamiza pedi kwenye diski: kebo inavuta kijimkono kilicho nyuma ya kalipa. Land Rover Defender za zamani na Fuso Canter zina dramu kwenye propela, ule mhimili unaopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi ekseli, nazo nimezitengea sehemu yake huko chini kwa sababu zinaua watu wasiozijua. Kama gari lako lina kitufe cha umeme badala ya mkono, acha. Lile linahitaji mashine ya kuliweka kwenye hali ya matengenezo. Ukilazimisha pistoni kurudi kwa nguvu unaharibu mota. Lipeleke kwa mwenye mashine.

Kisha usalama. Kurekebisha hendibreki ni kazi inayokutaka uishushe hendibreki huku nyuma ya gari ikiwa hewani. Na gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma linabidi liwe nyutro ili tairi lizunguke kwa mkono. Maana yake, wakati huo hakuna kinachoshika gari ila kabari ulizoweka kwenye matairi ya mbele. Weka mbele na nyuma ya kila tairi la mbele, mahali tambarare na pagumu. Kwenye udongo, weka ubao mpana chini ya jeki. Gari likishainuka, likalishe kwenye stendi mbili za chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kuhifadhia gari. Tofali la saruji lisikudanganye: hupasuka bila kuaga.

Vumbi lililo ndani ya dramu usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Lainingi za zamani, yaani lile tabaka la msuguano lililo juu ya shuu, zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Loweka kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitambaa kitupe.

Mwisho, pima. Injini imezimwa, vuta mkono kwa nguvu yako ya kawaida na uhesabu meno, yaani ile milio ya ka-ka-ka. Magari madogo mengi hukaza kati ya meno 5 na 9; namba kamili imeandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Kama ni ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto, hesabu vivyo hivyo. Andika namba hiyo. Ukimaliza kazi utaihitaji.

"Fundi, imekuwa ndefu"

Mkono unapanda mpaka karibu na kiwiko, meno 11, 12, na kwenye mteremko gari linateleza polepole. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko mengine yote.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni nafasi kati ya shuu na dramu kuwa kubwa, kwa sababu ajasta imeganda. Ajasta ni kile kijiti chenye gurudumu dogo la meno, nyota, kinachozisukuma shuu zikaribie dramu kadiri zinavyolika. Kwenye baadhi ya magari hujisogeza pale unapovuta hendibreki. Sasa dereva wa otomatiki aliyezoea kutia P na kushuka hajawahi kuipa nafasi ya kufanya kazi. Ongeza tope jekundu la masika, Machi hadi Mei, na uzi wa ajasta unashika kutu mpaka hauzunguki tena.

Sababu ya pili, lainingi zimeisha. Ya tatu, dramu yenyewe imelika na kupanuka. Kebo kuvutika au nati yake kulegea naiweka ya nne. Najua gereji nyingi huanzia hapo.

Kuna kipimo kisichohitaji jeki. Keti kwenye gari lenye dramu, washa injini, kanyaga pedeli ya breki mara moja, achia, kisha ikanyage tena haraka. Kama mara ya pili inasimama juu zaidi kuliko ya kwanza, mara nyingi nafasi kwenye dramu za nyuma ni kubwa na kebo haina hatia. Kama pedeli inazidi kuzama huku umeikanyaga bila kuachia, hilo ni jambo jingine kabisa: mafuta ya breki yanapita mahali. Usiliendeshe. Muite fundi lilipo gari.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Legeza kwanza nati ya kebo pale kwenye mkono, mara nyingi iko chini ya kifuniko cha plastiki katikati ya viti, mpaka kebo ibembee. Legeza nati za tairi, inua, kalisha kwenye stendi, shusha mkono mpaka chini kabisa, toa tairi. Dramu ikigoma kutoka usiipige nyundo kwenye ukingo, itavunjika. Toyota nyingi zina matundu mawili yenye uzi usoni mwa dramu. Ingiza bolti mbili za uzi wa milimita 8, kaza moja nusu mzunguko, nyingine nusu mzunguko, kwa zamu, na dramu itasukumwa nje yenyewe. Kama imelika mpaka shuu zimejichimbia ndani, kwenye bamba la nyuma kuna tundu dogo limezibwa na mpira. Pitishia hapo bisibisi mbili nyembamba, moja ikisukuma kijimkono cha ajasta kando na nyingine ikirudisha nyota.

Ikishafunguka, tazama kabla hujagusa, na piga picha kwa simu. Springi za dramu zina mpangilio wake, na upande mmoja ukikuchanganya utautazama ule mwingine. Ndiyo maana huwa sifungui pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Pima lainingi. Kwa Toyota nyingi kikomo ni milimita 1, lakini kwa barabara zetu mimi huzibadilisha zikifika 2, na hubadilisha pande zote mbili. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye dramu, utakuta kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa. Dramu iliyopita hapo haichongwi tena, inabadilishwa. Kisha kunjua kwa ncha ya bisibisi ukingo wa kile kimpira cha silinda ya gurudumu, ile inayozisukuma shuu kwa mafuta ya breki. Unyevu kidogo wa ukungu ni kawaida. Tone la mafuta si kawaida, na hapo ndipo mtu asiye fundi anaposimama na kuita fundi, maana kubadilisha silinda kunataka kutoa hewa kwenye mfumo mzima wa breki.

Ajasta itoe, isugue kwa brashi ya waya, izungushe mpaka itembee kwa vidole viwili, ipake grisi ya joto kali kwenye uzi. Ya kushoto na ya kulia si sawa: uzi wa moja umegeuzwa. Ukizibadilishana, kila ajasta itakapojirekebisha itazirudisha shuu ndani badala ya kuzitoa nje, na mwezi ujao utarudi kwangu na mkono mrefu kuliko mwanzo. Gusa kwa grisi kidogo sana zile sehemu sita za bamba zilizoinuka ambapo shuu zinatelezea, na hakikisha grisi haifiki kwenye lainingi.

Sasa rekebisha shuu. Rudisha dramu, zungusha nyota mpaka dramu igome kuzunguka kwa mkono, kisha irudishe nyuma mpaka izunguke ikiwa na mkwaruzo mwepesi tu. Kwa Toyota zenye dramu ndani ya diski, kitabu husema kaza mpaka diski ifunge, halafu rudisha meno 8 ya nyota. Fanya upande wa pili vile vile, kwa hesabu ile ile. Kanyaga pedeli mara kadhaa shuu zijikalishe katikati, kisha zungusha tena usikie.

Hapo ndipo zamu ya kebo inafika. Kaza nati kidogo kidogo, ukivuta mkono na kuhesabu, mpaka ufikie namba ya kitabu. Ukiwa meno 2 hivi unapaswa kuanza kusikia ugumu kwenye tairi, na ukifika mwisho magurudumu yote mawili yawe yamefunga kabisa. Shusha mkono: yazunguke bure. Kama moja linakwaruza sana ilhali mkono uko chini, umekaza mno. Legeza. Funga lokinati, ile nati ya pili inayoishikilia ya kwanza, maana isipofungwa mtikisiko wa barabara ya vumbi utailegeza yote.

"Imekaza vizuri, lakini gari linarudi"

Mkono unasimama meno 6, mgumu, na bado gari linatambaa. Hapa mvuto unafika, ila msuguano haupo.

Mara nyingi shuu zimelowa mafuta. Yanatoka sehemu mbili, na pua yako itakwambia ipi. Mafuta ya difu, lile boksi la gia la katikati ya ekseli ya nyuma, yana harufu nzito kali na rangi nyeusi. Hayo yamepita kwenye sili ya ekseli, na ni kawaida kwa Hiace zilizobeba sana. Mafuta ya breki ni mepesi, hubabua rangi, nayo yanatoka kwenye silinda ya gurudumu. Lainingi iliyokunywa mafuta haisafishiki. Najua watu huichoma kwa moto au kuiosha kwa petroli, na inakauka ikapendeza, lakini mafuta yamezama ndani na joto la kwanza litayarudisha juu. Badilisha shuu, na kabla ya hapo badilisha sili au silinda, la sivyo unanunua shuu za kulowesha. Sili ya ekseli mwachie fundi mwenye vifaa vya kuvutia ekseli.

Sababu ya pili ni lainingi kung'aa kama kioo. Hutokea kwa aliyeendesha akisahau mkono juu, au kwa vumbi laini. Magari ya utalii yanayorudi Arusha kutoka upande wa Ziwa Natron huja na majivu ya volkano yamejaa dramuni, laini kama unga wa ngano, na ukizungusha gurudumu kuna sauti ya msasa. Osha, piga msasa wa kati kwenye lainingi na uso wa dramu mpaka mng'ao uondoke, kwa michirizi inayopishana. Ikiwa zimepasuka au zina rangi ya buluu, usihangaike nazo.

Kwa magari yenye dramu ndani ya diski kuna sababu ya tatu: shuu zile hazitumiki gari likitembea, kwa hiyo dramu hushika kutu na shuu mpya hazijawahi kulingana nayo. Toyota wana utaratibu wa kuzilinganisha: barabara salama, kavu na tambarare, mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kidole kimebonyeza kitufe cha mkono muda wote, unavuta kidogo kwa takriban mita 400, unaacha ipoe, unarudia mara mbili au tatu. Ukivuta kwa nguvu magurudumu ya nyuma yatafunga na gari litazunguka, kwa hiyo kama hujawahi kuona inavyofanywa, mpe fundi. Wala usithubutu kwenye Land Rover Defender au Fuso.

"Inashika upande mmoja"

Inua magurudumu ya nyuma yote mawili, vuta mkono jino moja moja, na mtu wa pili azungushe kila gurudumu. Linalochelewa ndilo lenye ugonjwa. Anza kwa kuangalia kama ajasta za pande mbili zimerekebishwa sawa. Zikiwa sawa, shuku kebo ya upande huo kuganda ndani ya ala yake: mwenzako avute mkono huku wewe unatazama chini, uone kama ncha ya kebo inasogea sawa na ya upande wa pili. Kebo iliyoganda kwa kutu haitibiki kwa kumiminiwa mafuta. Italegea wiki moja, kisha itarudi, na safari hii inaweza kugandia ikiwa imefunga.

"Haishuki, na tairi linachemka"

Umeshusha mkono lakini gari zito, mafuta yanakwisha haraka, na ukiteremka kuna harufu kama ya kamba inayoungua. Usiguse rimu kwa kiganja; sogeza tu mkono karibu ulinganishe joto la kushoto na kulia. Na usimwagie maji ya baridi dramu inayofuka, inaweza kupasuka. Egesha, acha ipoe yenyewe.

Anza na swali jepesi: ni nani alikaza kebo mara ya mwisho? Legeza nati ya kebo. Gurudumu likiachia, kosa ni la marekebisho. Lisipoachia, ni kebo iliyoganda au kijimkono kilichomo ndani ya dramu kushika kutu kwenye pini yake; hicho hutolewa, husafishwa na kupakwa grisi. Kwa gari lenye kalipa, tazama kama kile kijimkono cha nyuma yake kinarudi mpaka kwenye kituo chake. Kisiporudi, kalipa inafanyiwa ukarabati au inabadilishwa, na pistoni yake mara nyingi hurudi kwa kuzungushwa, si kwa kusukumwa. Mkandamizo wa koleo kubwa huivunja ndani.

Kuna hali inayofanana nayo ambayo si ugonjwa. Gari limeoshwa au limenyeshewa, likalala siku tatu na mkono juu, asubuhi halitoki. Shuu zimegandana na dramu kwa kutu ya juu juu. Mkono ukiwa chini, sogeza mbele kidogo na nyuma kidogo kwa gia, bila kukanyagia mafuta kwa hasira. Utasikia "tak" na litaachia. Lisipoachia, gonga uso wa dramu kwa nyundo ya mbao. Gari linaloachwa muda mrefu kipindi cha masika, liegeshe tambarare kwenye gia na kabari, mkono ukiwa chini.

"Mkono unaanguka wenyewe" au "umelegea kama umekatika"

Ukivuta na mkono haukai juu, meno ya chini yake yamelika au springi ya kile kidole kinachoyashika imechoka. Usiyachonge kwa tupa na usifunge mkono kwa mpira wa tairi. Nunua mkono mzima. Ukivuta na hakuna uzito wowote, kebo imekatika au imechomoka kwenye kile kipande kinachogawa mvuto kushoto na kulia. Tazama chini kwa tochi. Iliyokatika haiungwi kwa kubana wala kwa kuchomelea.

Land Rover, Fuso, na breki iliyo kwenye propela

Kwa Land Rover Defender dramu ya hendibreki iko nyuma ya transfa, lile boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, na kwa Canter iko nyuma ya giaboksi. Inafunga propela, na propela kupitia difu ndiyo inayofunga magurudumu. Sikiliza hapa kwa makini. Difu huruhusu gurudumu moja lizunguke mbele na jingine nyuma. Kwa hiyo ukiinua gurudumu moja la nyuma kubadilisha tairi, hilo la hewani linazunguka bure, na hilo lililo chini linaruhusiwa kutembea, hata kama hendibreki imevutwa mpaka mwisho. Gari linashuka kwenye jeki. Kabari kabla ya jeki, kila mara, hata barabara ikionekana tambarare. Kwa Land Rover, funga na difu ya katikati pia.

Udhaifu wake mkubwa ni mafuta ya transfa au giaboksi kuvuja kupitia sili na kulowesha shuu. Ukiona dramu ina ukoko mweusi wa mafuta na vumbi, kukaza ajasta ni kupoteza muda. Sili kwanza, shuu baadaye. Kama ni kavu, Defender ina ajasta nyuma ya bamba la breki: izungushe mpaka shuu zifunge dramu, kisha ilegeze mpaka izunguke bila kubana. Mchezo mdogo wa gari kuyumba mbele na nyuma baada ya kuvuta mkono ni wa difu na propela, si breki mbovu. Na usiivute gari likitembea. Nguvu yote inaishia kwenye propela na difu, na vitu hivyo huvunjika.

"Taa nyekundu haizimi"

Mkono uko chini kabisa na taa ya breki inawaka. Usianze na swichi. Fungua boneti uangalie kiwango cha mafuta ya breki, maana kwenye magari mengi taa ni hiyo hiyo moja. Kikiwa chini, ama pedi zimeisha ama kuna mvujo. Usijaze tu na kuondoka. Kikiwa sawa, inua mkono kidogo, ushushe, tazama taa: swichi ya chini ya mkono inaweza kuwa imepinda au imejaa vumbi.

Wakati bado hujaitengeneza

Gari la otomatiki lisiachiwe P peke yake kwenye mlima. P ni kipande kidogo cha chuma kinachoingia kwenye jino ndani ya giaboksi, na uzito wote wa gari ukikilalia, asubuhi mkono wa gia unatoka kwa kishindo. Utaratibu ni huu: kanyaga breki ya mguu, tia nyutro, vuta hendibreki, achia mguu taratibu gari lilalie kwenye hendibreki, kanyaga tena, ndipo utie P. Gari la gia za mkono likitazama juu liache gia ya kwanza, likitazama chini liache rivasi. Kwenye njia zetu zenye ngema upande mmoja na korongo upande wa pili, kata usukani ili gari likisogea liende kuegemea ngema.

Jaribu hendibreki iliyotengenezwa likitazama juu, kisha likitazama chini, kwa sababu shuu za dramu hazishiki sawa pande zote mbili. Mtu awe ndani, mguu juu ya pedeli, na nyuma pasiwe na mtu wala ukuta.

Na kigogo kikiwa bado kinahitajika, kiwekwe kikigusa tairi, si hatua moja nyuma yake, maana gari likishaanza kutembea hukiruka. Anayekiondoa asimame ubavuni, dereva akiwa ameshakanyaga breki na kuitika kwa sauti. Asiiname nyuma ya gari.